Mkate wa soda wa Ayalandi, wa chungu na makaa: mwongozo kwa anayeanza

Maswali ni yale yale. Hamira nitie kiasi gani? Niuache uumuke kwa muda gani? Magadi yanafaa? Sina oveni, nifanyeje? Na lile la kila wiki: mbona wangu umetoka jiwe? Nimechoka kumjibu mmoja mmoja, kwa hiyo nayaweka yote hapa, tangu kuwasha moto mpaka kuufunga mkate kwenye kitambaa.

Mawili ya kwanza yana jibu moja. Hakuna hamira, na hauachwi hata kidogo. Maziwa yakishagusa unga, muda umeanza kukukimbiza, na mkate unatakiwa uwe motoni kabla ya dakika tano kwisha.

Ninaousemea hapa ni mkate wa nyumba za mashambani za Ayalandi, zama za meko ya wazi. Una vitu vinne tu: unga wa ngano, chumvi, soda na maziwa yaliyochachuka. Ule wenye zabibu, sukari na mayai ni mkate wa wageni na sikukuu. Wenyewe wana jina lake la utani, mbwa wa madoadoa, na siku ya kawaida haukuonekana mezani.

Nilifunzwa na bibi mmoja wa County Clare, magharibi mwa nchi, niliyekuwa nikimhudumia nyumbani kwake kwa miaka kadhaa. Alikulia kwenye nyumba isiyo na umeme. Kazi ya kusambaza umeme vijijini ilianza mwaka 1946, nguzo ya kwanza ikasimamishwa karibu na Dublin, na vijiji vya magharibi vikasubiri miaka mingi. Mama yake alioka kila siku iliyoamka, mkate mmoja au miwili, kwa chungu cha chuma na makaa. Bibi alikuwa na jiko la umeme safi kabisa, lakini chungu cha mama yake alikuwa nacho bado, na ndicho nilichojifunzia.

Neno moja litakuchanganya ukienda huko. Mkate huu wa duara, usio na punje ya sukari, wenyewe wanauita keki. Bibi aliponiambia siku ya kwanza nimkatie keki, nilizunguka jikoni nzima nikiitafuta, na mkate uko mbele ya macho yangu.

Kwa nini soda na si hamira? Ngano ya nchi ile ya mvua na baridi ni laini, haina unato wa kutosha kushika pumzi ya hamira. Nyumba ndogo hazikuwa na tanuri. Maskini kwa miaka mingi aliishi kwa viazi, na mkate wake ukiwa wa oti, mwembamba, uliokaushwa mbele ya moto. Soda ilipofika madukani kuanzia miaka ya 1830 ilikuwa rahisi bei, na maziwa machachu tayari yalikuwa katika kila nyumba yenye ng'ombe. Vikakutana. Zaidi ya hapo huhitaji kujua ili uoke.

Kabla hujaanza

Viweke vyote mezani kwanza. Ukianza kutafuta chumvi na mkono umejaa unga, umechelewa.

- Unga wa ngano gramu 450. Kwa mkate wa kahawia, changanya nusu mweupe na nusu atta. Unga unaojiumua wenyewe usiutumie, maana tayari umetiwa dawa ya kuumulia na mkate utaonja sabuni. Ule mgumu unaosifiwa kwa chapati utakubali, lakini ulio laini, wa keki na biskuti, ndio unaokaribia ngano ya kwao.
- Soda, kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa kwa kisu. Sio cha mlima.
- Chumvi, kijiko kimoja cha chai.
- Mtindi mililita 350 hadi 400.
- Chungu cha chuma chenye mfuniko, upana wa sentimita 25 hadi 30. Sufuria nzito itafaa kwa sharti nitakalolitaja.
- Makaa ya kutosha, koleo, ufagio mdogo, na kitambaa safi cha pamba.

Sasa tuelewane juu ya soda, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Inayotakiwa ni bikaboneti. Magadi ya mawe, yale ya kulainishia maharage na kunde, siyo. Ni makali zaidi, yataupa mkate rangi ya njano na uchungu unaokwama kooni. Tatizo ni kwamba kuna maduka yanayouza bikaboneti kwa jina la magadi soda, na mengine yanauza magadi kwa jina hilo hilo. Usihangaike na jina la mbele. Geuza pakiti usome nyuma: iwe imeandikwa sodium bicarbonate. Bekingi pauda nayo ni kitu kingine, ina tindikali yake ndani, na hapa tindikali inatoka kwenye maziwa.

Na maziwa. Mtindi ninaousema ni mtindi kwa maana yake ya zamani: maziwa yanayobaki baada ya kusukwa na siagi kutolewa. Wafugaji wetu wanaosuka kwenye kibuyu wanayajua vizuri. Ayalandi walisuka kwenye pipa refu la mbao lenye mchi, na mgeni aliyeingia wakati kazi inaendelea alilazimika kushika mchi apige mara kadhaa. Akitoka bila kufanya hivyo alihofiwa kuondoka na bahati ya siagi ya nyumba ile. Yaliyobaki pipani yalinywewa, wakapewa nguruwe, na sehemu ikawekwa kwa mkate.

Ukiwa huna mtindi wa namna hiyo, chukua maziwa mgando (au mala, kwa walioko Kenya), yapige mpaka yalainike, na yakiwa mazito yaongeze maji kidogo yawe ya kumiminika. Usichukue yenye sukari wala ladha ya matunda. Mgando huna kabisa? Maziwa ya kawaida mililita 350, kamulia vijiko vikubwa viwili vya ndimu, koroga, ngoja dakika kumi yakatike. Mkate utatoka, ingawa ladha itapungua kina.

Chungu na moto wake

Chungu cha kwao ni cha chuma cha kumimina, kina miguu mitatu, mpini wa kutundikia, na mfuniko ulio bapa ili makaa yakae. Sehemu nyingi kinaitwa bastible, jina lililotokana na mji wa Barnstaple kule Uingereza. Kilitundikwa kwenye mkono wa chuma uliozunguka juu ya meko, au kikasimamishwa juu ya makaa kwa miguu yake.

Moto wenyewe haukuwa wa kuni. Ulikuwa wa mboji: udongo mweusi wa kinamasi, uliokatwa kwa sepeto vipande kama matofali, ukaanikwa kiangazi kizima mpaka ukakauka. Burundi na Rwanda nako unachimbwa, kwa hiyo baadhi yenu mnaujua. Unawaka taratibu, hautoi ndimi kubwa, na kaa lake linashika joto muda mrefu bila kubadilikabadilika. Usiku waliufukia majivuni, asubuhi wakaufukua na kuuamsha. Sisi tutatumia mkaa, ambao una hasira zaidi. Tutaupunguza.

Aliyekulia pwani ana faida hapa na pengine hajui. Wali wa kupalia, mkate wa kumimina wenye moto juu na chini: kazi ni ile ile. Bibi aliponionesha mara ya kwanza jinsi ya kupanga makaa juu ya mfuniko nilicheka, nikamwambia kwetu jambo hili lina kitenzi chake. Akanifanya nilitamke neno kupalia mpaka akalishika.

Hatua kwa hatua

1. Washa moto kwanza, kabla hujagusa unga. Kuchanganya kutakuchukua dakika tano, lakini chungu kinahitaji si chini ya dakika ishirini kupata joto. Subiri mkaa uwake wote na uvae majivu meupe, kisha weka chungu kitupu jikoni, mfuniko juu, na makaa machache juu ya mfuniko. Kama unatumia sufuria ya alumini, hili ndilo sharti: tandaza mchanga mkavu kiasi cha vidole viwili kwenye sufuria kubwa, kisha tumbukiza ndogo ndani yake. Bila mchanga, chini kutaungua wakati juu bado kubichi. Na fanyia kazi hii nje, au mahali penye upepo wa kutosha. Nyumba zao zilikuwa na bomba la moshi juu ya meko. Jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa linaua watu.

2. Chekecha unga na chumvi kwenye bakuli pana. Iwe pana kweli, beseni ukipenda, mkono uzunguke bila kugonga ukuta.

3. Soda iweke kwenye kiganja cha kushoto na uisugue kwa kidole gumba cha kulia mpaka usisikie punje hata moja. Ndipo uinyunyize kwenye unga. Bibi hakuwahi kuiruka hatua hii, na niliporuka mimi, mkate ulitoka na vidoa vya kahawia vyenye uchungu kama dawa. Kisha inua unga kwa vidole na uuachie udondoke, mara nne au tano, upate hewa. Soda ienee kila mahali.

4. Jaribu joto la chungu. Nyunyiza unga kidogo ndani, hesabu taratibu. Ukibadilika kuwa wa kahawia hafifu ndani ya dakika moja hivi, pako tayari. Ukiwa mweusi mara moja, ondoa makaa ya chini, ngoja. Ukibaki mweupe, ongeza. Ukishapata jibu, fagia unga huo utoke.

5. Chimba shimo katikati ya unga, mimina maziwa karibu yote kwa mkupuo mmoja. Bakiza kiasi cha robo kikombe. Panua vidole, vikaze kama ukucha wa mwewe, zungusha kuanzia katikati kwenda nje. Mkono mmoja tu. Wa pili ushike bakuli, ubaki safi. Mizunguko kumi na mbili, kumi na tano, unga wote utakuwa umeshika maji. Kama chini kumebaki unga mkavu, ndipo utie yale maziwa ya akiba. Unachotafuta ni donge laini, lenye unyevu, linalonata kidogo mkononi lakini halikimbii. Ukilitazama utasema bado halijawa tayari. Basi liko tayari.

6. Hapa nakuomba unisikilize. Usikande. Mikono yetu imefunzwa na chapati na maandazi, na ikigusa unga wenye maji inaanza yenyewe: kusukuma, kukunja, kusukuma. Mkate huu unakufa hapo. Kadiri unavyoukanda ndivyo ule unato unavyokaza, na ile hewa ya soda inayotoka sasa hivi inafinywa itoke bure. Mkate wangu wa kwanza niliukanda dakika kumi, kwa bidii, nikijua ninamfurahisha mtu. Bibi aliugonga kwa kijiko ulipotoka, akasikiliza, akasema utatufaa kuzuia mlango siku ya upepo.

 Unachofanya ni hiki. Nyunyiza unga mezani, pindua donge juu yake, nawa mikono na uikaushe, kisha lizungushe taratibu kwa viganja kama unayemtuliza mtoto, mpaka liwe duara. Ligeuze, libonyeze kidogo liwe na kimo cha sentimita nne hadi tano. Nusu dakika, umemaliza.

7. Kata msalaba kwa kisu, wenye kina, ushuke mpaka theluthi mbili ya kimo na ufike pembeni kabisa. Alama ya kukwaruza juu haisaidii. Katikati ya mkate ndiko kunakochelewa kuiva, na msalaba unapafungulia joto. Bibi aliongeza jambo lake: ncha ya kisu, choma mara moja kila robo, ili wale watu wadogo wa vilimani watoke wasiuroge mkate. Kwetu tungewaita majini. Nilimuuliza kama anaamini. Akasema haamini, akaendelea kuchoma.

8. Nyunyiza unga kidogo chini ya chungu. Mafuta hayahitajiki, yataungua na kutoa moshi. Beba mkate kwa mikono miwili uushushe ndani bila kuutupa. Ukipindapinda kidogo usijali, utajiweka sawa.

9. Funika, kisha palia. Gawa makaa mafungu matatu: moja chini, mawili juu. Kosa la kila anayeanza ni kinyume chake, moto mwingi chini kwa mazoea ya ugali. Ya juu yapange zaidi pembezoni mwa mfuniko, katikati machache. Dakika kumi na tano za mwanzo usifunue kwa sababu yoyote ile, hata harufu ikikuita.

10. Baada ya dakika ishirini hivi makaa ya juu yatakuwa yamenyong'onyea. Ongeza mapya machache. Ya chini yaache yafe taratibu.

11. Kuanzia dakika ya arobaini, tazama. Lakini kwanza fagia majivu yote juu ya mfuniko! Wenyewe walikuwa na bawa zima la bata bukini lililokaushwa, likining'inia kando ya meko kwa kazi hii na ya kufagia unga mezani. Ufagio mdogo wa chelewa unatosha. Inua mfuniko ukiwa umelala sawa, usiuinamishe, upeleke pembeni.

12. Toa mkate, ushike kwa kitambaa, ugeuze na ugonge chini kwa kifundo cha kidole kama unayebisha hodi. Ukisikia sauti ya uwazi, ko-ko, umeiva. Ukisikia sauti nzito, bubu, urudishe dakika tano hadi kumi, safari hii ukiwa umegeuzwa chini juu.

13. Uviringe kwenye kitambaa cha pamba ukiwa bado wa moto, uegemeze kwa upande wake dirishani ili mvuke usirudi chini. Kitambaa kinalainisha ganda. Ukipenda ganda gumu, uache wazi. Vitambaa vyao zamani vilitokana na mifuko ya unga. Unga ulinunuliwa kwa mifuko mikubwa ya pamba, ikafuliwa na kuanikwa juani mpaka maandishi ya kiwanda yakafifia, kisha ikashonwa mashuka, aproni, hata nguo za watoto. Bibi alikumbuka kulala usiku akisoma kwa kidole jina la kinu cha unga kwenye shuka lake.

Usikate kabla ya nusu saa. Najua. Lakini ndani bado kunaiva, na kisu kitaubana ugeuke ubwabwa.

Mwenye oveni: nyuzi 220 kwa dakika kumi na tano, kisha 200 kwa nusu saa. Hakuna la ziada.

Njia ya kaskazini: robo za kikaango

Ulster, upande wa kaskazini wa kisiwa, wengi walipendelea bapa la chuma kuliko chungu, na hii ndiyo njia ninayompendekezea mwenye tava ya chapati na jiko la gesi. Donge ni lile lile. Libonyeze kwa viganja liwe bapa, unene wa sentimita moja na nusu hadi mbili, duara la ukubwa wa sahani, kisha likate kabisa vipande vinne. Usitumie kifimbo cha kusukumia.

Tava iwe ya moto wa wastani unaoelekea mdogo, ikiwa kavu, imenyunyiziwa unga. Panga robo zako, dakika nane hadi kumi kila upande. Zikivimba na kuwa na rangi, zisimamishe kwa kingo zake, ukingo mmoja mmoja, dakika moja au mbili, mpaka ile mistari myeupe ya pembeni ikauke. Wengi wanasahau kingo, wakifungua wanakuta katikati unga mbichi. Moto mkali ndio adui wa njia hii, kwa sababu hizi si chapati za kugeuza haraka.

Ukitaka kuongeza unga wa mahindi

Hili lina historia chungu. Viazi vilipooza mwaka 1845 na njaa kuu ikaanza, serikali ya Uingereza chini ya Robert Peel iliagiza mahindi kutoka Marekani. Watu hawakuwahi kuyapika, mengi yalisagwa vibaya, matumbo yakawasumbua, wakayaita kiberiti cha Peel, kiberiti kwa maana ya salfa, kwa unjano wake. Miaka ilivyopita wakayazoea, na unga wa njano ukaingia kwenye keki ya chunguni.

Toa robo ya unga wa ngano, weka unga wa mahindi badala yake. Lakini umwagie kwanza maji yanayochemka kidogo tu, ulowe, upoe, ndipo uuchanganye. Ukiutia mkavu, mkate utakuwa na chenga na utavunjika ukiukata. Maziwa yapunguze kwa kiasi cha maji uliyotumia.

Kukiharibika

*Umetoka mgumu kama jiwe.* Umekanda, au unga ulikuwa mkavu mno. Mara tisa kati ya kumi ni kukanda. Unaniambia hukukanda, umekanda kidogo.

*Umekuwa na rangi ya njano ndani, ladha ya sabuni.* Soda imezidi, au maziwa hayakuwa machachu ya kutosha kuimaliza, au umetumia magadi.

*Una vidoa vya kahawia vichungu.* Soda ilikuwa na mabonge. Rudi hatua ya tatu.

*Haukuumuka, umelala kama kandambili.* Ama soda ni ya zamani, ama ulichelewa. Jaribu soda kwa matone ya ndimu: inatakiwa ifoke papo hapo. Ikinung'unika tu, nunua nyingine. Kama soda ni nzima, basi wewe ulichanganya, ukapokea simu, ukarudi.

*Chini umeungua, juu mweupe.* Moto mwingi chini. Kwa leo, kwangua ganda jeusi, geuza mkate, malizia kwa makaa ya juu peke yake.

*Nje umeiva, katikati kubichi.* Msalaba haukwenda chini vya kutosha, au mkate ulikuwa mnene mno, au ulifunuafunua. Mkate wenye kimo cha sentimita saba mbichi hauwezi kuiva vizuri kwenye chungu kidogo; ugawe uwe miwili.

*Unabomoka ukiukata.* Maziwa yalikuwa machache. Au kisu chako ni butu, au hukungoja nusu saa. Zamani hawakuwa wakiukata vipande vyembamba wakati wa moto, walikuwa wakiumega kwa ule msalaba, robo hii yako, robo hii yangu.

*Una majivu juu.* Hukufagia mfuniko. Pangusa ule, hayakudhuru.

*Naweza kuchanganya usiku nioke asubuhi?* Hapana. Unga mkavu, soda na chumvi unaweza kuvichanganya usiku na kuvifunika. Maziwa yaingie asubuhi, moto ukiwa tayari.

Kuula na kuuhifadhi

Siku ya kwanza ndiyo siku yake: siagi yenye chumvi, ipakwe nene mpaka meno yaache alama, na chai ya rangi iliyokolea ambayo wao wanaitia maziwa. Usiuweke kwenye friji, unakauka haraka zaidi. Kitambaa kile kile, kisha bati lenye mfuniko.

Siku ya pili umeshakuwa mkavu, uchome juu ya makaa au ukaange kwenye mafuta yaliyobaki ya nyama. Robo za tava ndizo nzuri zaidi kwa kukaanga: zipasue katikati ya unene wake, upande wa ndani utangulie kwenye mafuta.

Siku ya tatu wape kuku. Bibi alikuwa nao sita, na siku mkate ulipokwisha kabla ya siku ya tatu walikuja kusimama mlangoni kumdai.